Herufi Kumi na Mbili

Ziwa halikuja mbio.
Lilipanda kama deni, kidole kwa kidole,
na Yusta Ntiranyibagira wa Kibirizi
alilipima kwa mkaa ukutani kila alfajiri,
mstari wa Jumatatu, mstari wa Alhamisi,
mpaka siku mkaa wenyewe ulipoelea
pamoja na jiko, kandambili moja, na ndoo ya mawese
iliyomwagika ikaacha jua dogo jekundu juu ya maji.

Mimi nilifika mwezi wa pili wa mahema,
fulana mpya, kifuani nembo ya watu wa mbali,
kishikwambi mkononi, chaji asilimia arobaini.
Mtoto wa hapa hapa. Nilizaliwa nyumba ya nne kutoka kwake,
nyumba ambayo sasa samaki huingia bila kubisha hodi.

Nikauliza kama tulivyofundishwa kwenye semina ya siku mbili:
Nyumba ilikuwa ya udongo au ya tofali?
"Mbele udongo, nyuma tofali. Nilikuwa bado najenga."
Chagua moja.
Umepoteza nini, kwa shilingi?
Vichanja sita vya kuanikia dagaa.
Karabai mbili. Chumvi ya Uvinza, nusu gunia.
Mpera alioupanda marehemu.
Mpera hauna kisanduku.
Nikauingiza kwenye Mengineyo,
pamoja na kaburi la marehemu mwenyewe.

Na jina?
Kishikwambi kinapokea herufi kumi na mbili.
Ntiranyibagi, kikagoma.
Kwetu jina hilo ni sala nzima:
Mungu bado hajanisahau.
Nikabonyeza Hifadhi,
nikamwacha Mungu katikati ya sentensi.

Fedha zikaanza safari.
Zilitoka mji ambao sijui watu wake huamkiana vipi,
zikabadilishwa rangi njiani, zikapungua kila mlango,
ada, makato, posho,
na yangu ikiwemo, nilimnunulia mama godoro, sifichi.
Zikafika Kigoma zimechoka.
Foleni ya kwa wakala ikapinda hadi mashine ya kusaga.
Rusimbi alihesabu noti zake mara tatu
kisha akamwomba wakala radhi.
Zilipofika kwenye simu ya Yusta
zikasoma jina la laini, zikasoma jina la orodha,
zikaona herufi mbili hazipo,
zikageuza.

Miezi mitatu alikaa na simu mapajani
kama anayeatamia yai.
Niliandika barua pepe. Nikajibiwa: Suala lako linashughulikiwa.
Niliandika tena. Linashughulikiwa.
Nikaanza kupita njia ya juu, ya kwenye reli,
nisionane naye.

Zilipokuja, laki mbili na kumi,
alikwenda kwanza kwa Ntahondi
kulipa wavu aliokopa mwaka juzi,
wavu ulio chini ya ziwa, nadhani bado unavua.
Kisha misumari, kilo mbili.
Kisha sukari, kwa sababu alitaka sukari.
Alikuja mpiga picha, akatumbukia mguu mmoja
kwenye shimo la choo cha zamani,
Yusta akacheka mpaka akakaa chini.
Kicheko hicho ndicho kilicho kwenye jalada la taarifa yao.
Chini yake wameandika: Matumaini Yarejea.

Nilirudi na dodoso la mwisho.
Je, umeridhika na msaada? Sana. Kiasi. Hapana.
"Waambie asante," alisema, "na hiyo asante msiikate.
Mtu asiyenijua kunikumbuka si jambo dogo.
Ila kabla hujabonyeza, nipe hicho kidude."
Akakishika kwa mikono yenye magamba ya dagaa,
akatafuta herufi moja moja kwa kidole cheusi cha mkaa.
Alipofika ya kumi na tatu, kikakataa.
Akafuta, akaanza upya. Kikakataa.
Chaji ilibaki asilimia tisa.
Nje, maji yalikuwa yameshuka kidole kimoja.
Akaanza tena,
N,
na mimi sikumnyang'anya.